Weka Bahasha Chini, Nionyeshe Mguu

(Mhadhara kwa wachukuzi, wavuvi na wachakataji wa dagaa, mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, habari za vichanjani? Vijana, mambo vipi. Najua kwa nini leo mmejaa hivi: mwezi mpevu, taa hazina kazi, dagaa hawaji. Ingekuwa giza ningehutubia viti. Basi tuutumie huu mwezi.

Kabla sijaanza nina ombi. Wote mliokuja na bahasha za picha za mgongo mlizopigwa hospitali, nimewaona, mmezikumbatia kama hati za kiwanja. Ziwekeni chini ya kiti. Sitaki kuziona. Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza kwa hasira kidogo, mnisamehe, maana jambo hili nimelisema Ujiji, nimelisema Mwanga, nimelisema hata kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu mpaka mume wangu akanivuta kanga nikae. Na bado kila Jumatatu mtu akifungua mlango wangu, kinachotangulia kuingia ni bahasha.

Alikuja mchukuzi mmoja, kijana wa miaka thelathini na kitu, kifua kama mlango wa ghala. Kabla hata ya salamu: "Mama daktari, mimi nimesagika." Mimi si daktari, mimi ni mtu wa mazoezi tiba, lakini nikaacha. Nikamwuliza, unaumwa wapi? Akanipa bahasha. Nikamrudishia. Unaumwa wapi, mwanangu? "Pingili ya nne na ya tano." Nikamwambia, hizo ni namba, mimi nakuuliza wapi. Akanisukumia bahasha tena juu ya meza! Mara ya tatu nikaikalia. Kweli, niliikalia, na msaidizi wangu alishuhudia. Hapo ndipo akasimama, akageuka, akaweka kidole kwenye tako la kulia. Kidole kikateremka nyuma ya paja, kikapinda kwa nje chini ya goti, kikashuka ubavuni mwa muundi, kikapita juu ya wayo, kikaishia kidole gumba. "Hapa pote panawaka, kama shoti ya umeme. Na kandambili ya huku inanivuka njiani bila kujua."

Basi. Ugonjwa wote huo, umeelezwa kwa kidole kimoja na kandambili. Miezi mitatu alikuwa anakunywa dawa za figo, kisha za ngiri, halafu mtu fulani akampiga picha akamwambia pingili zimesagika, asibebe tena kitu maishani, atapooza. Kijana akaacha kazi. Akalala. Mgongo ukakaza, miguu ikalegea, akili ikaingia giza. Nawaambieni ukweli, kilichomlaza kitandani yule mtoto ni lile neno, kuliko hata mgongo wenyewe.

Kusagika! Neno hili lingetozwa ushuru Serikali ingepata pesa ya barabara. Mtu akisikia amesagika anawaza mashine ya unga: mfupa juu ya mfupa, vumbi linadondoka. Hakuna vumbi ndani ya mtu. Picha ikionyesha pingili zimekaribiana, ina maana diski iliyo katikati imepungua maji na kimo. Ni kama mvi. Na nani hapa alishaumwa mvi?

Mzee hapo anatikisa kichwa. Sawa, tusikilize hesabu. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwaweka kwenye MRI, mashine ya picha inayoonyesha hata diski na neva, watu 98 ambao hawakuwa na maumivu ya mgongo. Hawakuumwa, nasisitiza. Zaidi ya nusu yao walikuwa na angalau diski moja iliyofutuka. Waliokutwa na diski zote safi ni kama 36 tu kwa kila 100. Wengine walisema labda ni bahati mbaya ya wale 98. Haya, mwaka 2015 zikakusanywa tafiti nyingi pamoja, watu 3,110, wote hawaumwi. Wenye miaka 20, asilimia 37 tayari diski zao zimeanza kuchakaa. Miaka ishirini! Hata mahari hajalipa. Wenye miaka 80, asilimia 96. Kwa hiyo mzee wangu wa miaka 80 akipigwa picha asikutwe na kusagika, huyo ndiye wa kushangaa, tumwandikie gazetini.

Najua mnachowaza. "Kwa hiyo huyu mama anasema tunajifanya, hatuumwi." Hapana! Sijasema hivyo, na atakayetoka hapa akasema nimesema hivyo nitamfuata mpaka sokoni. Mnaumwa. Ninachosema ni kwamba kuchakaa ni kitu kimoja na kuumwa ni kitu kingine. Mara hukutana, mara hupishana. Kazi yangu ni kujua vimekutana wapi, na hilo picha peke yake haisemi. Mguu ndio unasema.

Sasa tuingie ndani. Kiunoni kuna pingili tano, na kati ya pingili na pingili pana diski. Mama zangu mtanielewa haraka kuliko hawa wanaume: chukua kitunguu, katikati mwake weka mlenda. Diski ndiyo hiyo. Nje ni matabaka ya nyuzi ngumu, 15 hadi 25, yamezungushiana. Ndani ni ute. Ukisimama, mlenda unasukuma pande zote na kitunguu kinauzuia. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu inayoingia katikati yake. Chakula chake kinapenya polepole kutoka kwenye mfupa wa jirani, na kusogea-sogea kwa mwili kunasaidia maji kuingia na kutoka. Mchana unabanwa unapoteza maji, usiku ukilala yanarudi. Ndiyo maana asubuhi wewe ni mrefu kuliko jioni, sentimita moja hivi. Anayetaka kujipima kwa ajili ya mchumba ajipime saa kumi na mbili asubuhi.

Miaka inavyokwenda, mlenda unakauka na matabaka yanapata nyufa. Hapo kuna mambo mawili. La kwanza, ufa wenyewe unaweza kuuma, kwa sababu matabaka ya nje yana mishipa midogo ya fahamu. Hayo ni maumivu ya kiunoni, mazito, ya kuchosha, hayashuki mbali mguuni. La pili ndilo lililomkuta mchukuzi wangu: ufa unapitiliza, mlenda unachungulia nje. Na huko nje, nyuma kidogo pembeni, unapita mzizi wa neva, yaani mshipa wa fahamu, inayoelekea mguuni.

Sasa naomba mnyamaze kidogo, hapa ndipo napapenda. Wote mnasema "mshipa umebanwa". Sawa. Nani hajawahi kukaa kitako mkekani, hitima ndefu, mguu ukafa? Mguu umekufaje? Neva imebanwa. Iliuma? Haikuuma! Ilikufa ganzi. Ukasimama ukayumba, watu wakacheka. Kwa hiyo neva isiyo na ugonjwa ikibanwa kidogo kidogo inatoa ganzi na udhaifu. Sasa huyu wa sayatika, maumivu ya neva yanayoshuka mguuni, anayeamka saa nane za usiku anatembea chumbani kama mlinzi kwa sababu mguu unawaka, moto wake unatoka wapi?

Mwaka 1958 wapasuaji wawili, Smyth na Wright, waliwauliza wagonjwa wenyewe, lakini waliwauliza kwa uzi. Walikuwa wanafanya operesheni za diski. Kabla ya kufunga jeraha, wakazungusha uzi wa nailoni kwenye mzizi wa neva, ncha za uzi wakaziacha zimetokeza nje ya ngozi. Nailoni, jamani, ndugu yake mshipi wenu wa kuvulia! Nyuzi nyingine wakazipitisha sehemu za jirani ambazo hazikuwa na shida. Mgonjwa akazinduka, siku zikapita, kisha wakauvuta uzi. Mnaona picha hiyo? Mtu amelala kitandani, daktari anamvuta kama sangara. Leo hakuna kamati ya maadili itakayokuruhusu, na ni vizuri. Lakini jibu walilopata halijafutika: ukivuta kidogo tu uzi wa ule mzizi uliokuwa unagusana na diski mbovu, mgonjwa anaruka, "hayo hayo! mpaka mguuni!" Ukivuta nyuzi za sehemu nyingine hayapatikani maumivu yale. Mwaka 1991 wapasuaji wengine Marekani waliwafanyia watu operesheni wakiwa macho, kwa dawa ya ganzi ya pale pale tu, wakawa wanagusa kitu kimoja kimoja na kuuliza. Mzizi uliovimba ukiguswa, mguu unaungua. Mzizi mzima ukiguswa, mtu ametulia.

Kwa hiyo kubanwa peke yake hakutoshi. Lazima neva iwe imechokozwa, imevimba, ina hasira. Na nani kaikasirisha? Ule mlenda. Tangu umo tumboni mwa mama yako umefungiwa ndani ya kitunguu, askari wa mwili hawajawahi kuuona. Siku ukitoka nje, wanauona kama mgeni asiye na kitambulisho. Wanaushambulia, na katika vurugu neva iliyo jirani inapigwa mabomu ya machozi isiyoyastahili. Mwaka 1993, huko Sweden, mtafiti Kjell Olmarker na wenzake walichukua ute wa diski za nguruwe, wakaupaka kwenye mizizi ya neva ya nguruwe hao hao, bila kuibana hata kidogo. Ndani ya siku chache neva zikaanza kupitisha ujumbe kwa kusuasua. Naona pale mnakunja uso. Nguruwe hakuliwa, alipimwa tu.

Ndiyo sababu diski ndogo inaweza kumliza mtu na diski kubwa kwenye picha ikakaa kimya. Ndiyo sababu pia wengi wenu mmepona, mkampa sifa mtu asiyehusika. Maana wale askari wakishamaliza vurugu wanaula ule mlenda. Ndiyo, wanautafuna, na ukiwa umetoka nje kabisa mara nyingi unaliwa vizuri zaidi kuliko ule uliofutuka kidogo tu. Wiki sita, wiki kumi na mbili, wengi hupata nafuu kubwa. Sasa ukute wiki ya kumi umekwenda kwa mtu akakukanyaga mgongo, au akakuchanja akakupaka unga mweusi. Ukapona wiki ya kumi na moja. Sifa anachukua nani? Sisemi masaji ni mbaya, mimi mwenyewe napenda masaji. Nasema jogoo asijisifu kuwa amechomoza jua.

Na mbona ukorofi uko kiunoni, kilio kiko mguuni? Chukua simu. Ikiita, unasoma jina lililoandikwa, hujui mpigaji amesimama wapi. Neva ya kidole gumba inapita kiunoni. Ikichokozwa kiunoni, ubongo unasoma jina kwenye kioo: Kidole Gumba. Ndiyo maana mnanunua mafuta ya kuchua mnapaka mguu. Mguu hauna kosa!

Ndiyo maana pia mguu ndio ramani yangu. Diski zinazovuja sana ni mbili za chini kabisa, na kila mzizi una barabara yake. Maumivu yakipita kama ya yule mchukuzi mpaka juu ya wayo na kidole gumba, huo ni wa tano wa kiuno. Mwambie atembee kwa visigino, mguu huo unadondoka. Yakipita nyuma kwenye kigimbi mpaka kisigino na upande wa kidole kidogo, huo ni mzizi wa chini yake. Mwambie asimame kwa ncha za vidole mguu mmoja, hawezi kunyanyuka. Yakibaki mbele ya paja na goti mpaka ndani ya muundi, huo ni wa nne, huyo atakuambia ngazi zinamshinda. Kisha namlaza chali nanyanyua mguu umenyooka. Mshipa uliokasirika ukivutwa unapiga kelele, kama ule uzi wa nailoni. Shilingi ngapi hapo? Sifuri. Figo haishuki mpaka kidole gumba. Ngiri haivui kandambili. Wanaume wa hapa mgongo wote ni ngiri, wanawake mgongo wote ni chango, na mnaagua bila hata kumgusa mgonjwa.

Mama pale anauliza, picha sasa zina kazi gani? Swali zuri, na linanikosesha hoja kidogo. Zina kazi, tena kubwa, pale mguu na mgongo vimeshasema jambo la kutisha, au mpasuaji anataka kujua akate wapi. Na mjue eksirei ya kawaida inaonyesha mifupa. Diski yenyewe na neva haivioni, inaona nafasi tu. Picha ni shahidi. Shahidi huitwa baada ya kesi kufunguliwa. Ninyi mnamleta shahidi, kesi hamna.

Tumwangalie na mzee wa Ujiji, kwa sababu yeye si mchukuzi na hakuvuja mlenda wowote. Huyu analalamikiwa na mkewe: "Anajifanya mgonjwa. Kutembea mpaka msikitini hawezi, anakaa vituo viwili njiani. Lakini akipanda baiskeli anafika Kigoma mjini na kurudi!" Mama wa watu amekasirika, na mnaona ana hoja. Ila mzee hadanganyi. Mnakijua kichochoro cha sokoni Mwanga? Kilikuwa kipana. Huyu akasogeza meza kidogo, yule akatoa turubai, mwingine akapanga ndoo za mawese, sasa watu wawili hawapishani. Mgongo wa uzeeni ni hivyo. Diski ikishuka kimo, uzito unahamia kwenye viungo vidogo vya nyuma, vinanenepa, vinaota vinundu vya mfupa. Kano zinajikunja na kuwa nene. Kila mmoja anasogeza meza, na njia ya neva inakuwa nyembamba. Ukisimama wima au ukitembea, inazidi kubana, miguu yote miwili inakuwa mizito, inachoma, neva zinakosa damu ya kutosha. Ukikaa au ukiinama mbele, kichochoro kinafunguka. Na kwenye baiskeli mtu amekaaje? Ameinama mbele! Yule mama alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akamwomba radhi. Hata mkokoteni husaidia, kwa sababu anausukuma ameinama.

Mwenyekiti wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, ananionyesha saa. Mwenyekiti, nilikuwa na mambo sita, nimesema mawili. Haya, nayakimbilia.

Mizigo. Mnaamini mizigo ndiyo iliyowachakaza diski. Finland walilinganisha mapacha wa kufanana, mmoja kazi nzito na mwenzake kazi nyepesi. Diski zao zilifanana kuliko kazi zao. Urithi una mkono mkubwa. Msikimbie na hilo kwa bosi! Maana kuumwa bado kunachochewa na namna ya kubeba. Mwaka 1999 Wajerumani walichomeka kipimo ndani ya diski ya mtu aliyejitolea: amesimama tu, mgandamizo ni megapaskali 0.5, ameinua kilo 20 kwa kuinama mgongo umepinda, 2.3. Karibu mara tano, na hizo ni kilo 20. Mfuko wa saruji una kilo ngapi? Hamsini, asante. Basi mfuko usitoke ardhini. Uanze juu ya jukwaa, watu wawili wakutwike, uusogeze mwilini, ugeuke kwa miguu na si kwa kiuno. Na mama zangu wa dagaa, anayeanika kwenye kichanja cha usawa wa kiuno na anayeinamia mchanga siku nzima, jioni si sawa.

Kulala: siku moja mbili inatosha, kisha tembea, hata kidogo. Diski inakula kwa kusogea, nimeshasema. Dawa: zile sindano na vidonge vya diklofenaki mnavyonunua dukani kama pipi vinapunguza uvimbe, ndiyo, lakini miezi na miezi vinatoboa tumbo na kuumiza figo. Ndiyo, figo ile ile mliyokuwa mnaitibu! Operesheni: ipo, inafanyika MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na wanaoihitaji ni wachache. Kuhusu mikanda ya kiunoni nilikuwa na mengi, naacha.

Hili siliachi, hata mwenyekiti akizima taa. Ukishindwa kukojoa, au mkojo na haja kubwa vinatoka bila kujua, au umepata ganzi sehemu zile zinazokalia tandiko la baiskeli, au miguu yote miwili inaishiwa nguvu: hospitali siku hiyo hiyo, usiku huo huo. Usisubiri Jumatatu yangu. Mguu unaoanza kudondoka nao usikae nao nyumbani. Na mgongo unaouma pamoja na homa za jioni, jasho la usiku, mwili unakwisha, pengine nundu inaota: hiyo inaweza kuwa kifua kikuu cha mgongo. Si kusagika, si kulogwa. Kinatibika, na dawa zake hapa nchini hazilipiwi. Wazee wa kiume, mgongo mpya unaouma usiku na mkojo una shida, mwende mkapime tezi dume.

Maswali? Mikono yote hiyo! Nianze na wewe kaka wa kofia nyekundu, nimekuona tangu mwanzo unachungulia chini ya kiti. Iache hapo hapo hiyo bahasha. Njoo mbele, vua viatu, utembee kwa visigino mpaka pale kwenye meza ya mwenyekiti, tukuone.